Nani Alikilaza Kiti

Masama, 9 Februari 2025

Mwanangu Ebenezeri,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri. Mvua za vuli zilituacha mapema, kahawa imetoa maua upande wa mfereji tu. Ng'ombe wa Evelyn amezaa dume, na Evelyn amemnunia kana kwamba amemfanyia makusudi. Jacob wangu amerudi kuishi hapa na ndiye anayeangalia shamba. Mama yako Elisifa hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, lakini majani ya ng'ombe anabeba mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Nakuandikia kwa sababu masikio yangu hayaiwezi tena simu. Nasikia mvumo tu. Anwani amenipa mama yako, baada ya kuniuliza mara mbili naitakia nini.

Ni miaka miwili na mwezi tangu tumzike mama yako mkubwa Martha, na tangu siku ile sijauona uso wako wala mwandiko wako. Sikulaumu.

Mimi moyo umechoka. Daktari anasema umetanuka. Miguu imevimba, na nikilala chali pumzi zinakata, kwa hiyo nalala nimekaa, nimezungukwa na mito kama mtoto. Kila Jumatano Evelyn ananiteremsha Moshi kliniki kwa gari lake, na nafika nikiwa nimeumizwa na safari kuliko ugonjwa. Shingo inauma, kiuno kinauma, mkanda unanikaba. Wewe ndiye dereva katika ukoo huu. Naomba unieleze mtu mzee akaeje ndani ya gari ili asiumie. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Nina miaka themanini na minne, na nimegundua kwamba kukaa sijui.

Wasalimie mkeo Dominika na watoto.

Baba yako mkubwa,
Aminieli


Kahama, 30 Machi 2025

Baba mkubwa, shikamoo.

Barua yako niliipata mwezi wa pili. Nimechelewa kujibu na sina udhuru. Sisi hatujambo. Dominika anauza vitenge sokoni, anakusalimu. Mdogo ameanza darasa la kwanza. Mwalimu akimuuliza kwao ni wapi, anasema Kahama.

Umeuliza mtu akaeje. Nitakwambia kama ninavyowaambia wazee ninaowapeleka hospitali huku.

Kwanza vua koti. Najua Masama kuna baridi, lakini koti nene linaufanya mkanda uwe mbali na mwili. Jifunike nalo ukishafunga. Kisha rudisha nyonga nyuma kabisa mpaka ziguse kiti. Wazee wengi wanakaa ukingoni kama wako kwenye kigoda, halafu wanalalamika kiuno. Nyuma ya kiuno Evelyn akuwekee taulo dogo lililokunjwa, si mto. Mto usikalie kabisa, unateleza. Kile cha kuegemezea kichwa kipandishwe kilingane na kichwa chako, kisiishie shingoni.

Mkanda wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga. Si tumboni. Wa juu upite katikati ya bega. Kama unakukaba, usiupitishe chini ya kwapa kama anavyofanya mama yangu. Mwambie Evelyn aushushe pale unapoanzia mlangoni. Miguu yote miwili sakafuni, kiti kirudi nyuma kidogo usiwe karibu na dashibodi. Chupa ya supu ya mtori usiipakate, wala dumu la pombe ya mbege kama unampelekea mtu. Viwekwe chini nyuma.

Mgongo wa kiti usimame, uegemee kidogo tu. Usilazwe. Hata ukichoka, hata akikuonea huruma nani. Mtu akilala, mkanda haumshiki. Gari likisimama ghafla anateleza chini yake, na mkanda unapanda tumboni. Hilo unalijua, baba mkubwa. Ulitufundisha mwenyewe.

Ugua pole.

Ebenezeri


Masama, 27 Aprili 2025

Mwanangu Ebenezeri,

Asante kwa barua. Pasaka tumeila salama, isipokuwa kwaya ilikosea ubeti na Evelyn amekataa kuzungumza na mwalimu wa kwaya mpaka leo. Mvua za masika zimekuja kwa fujo, mgomba mmoja umeangukia banda la mama yako. Jacob amelitengeneza.

Maagizo yako nimeyafuata yote. Evelyn alinisomea barua akiwa amesimama mlangoni mwa gari, anasoma neno, ananisogeza, anasoma neno, ananisogeza. Akaniambia, "Baba, unapimwa kama sare ya shule." Nilifika Moshi shingo haiumi. Ningefurahi, kama nisingekuwa nimekaa vile vile alivyokaa Martha.

Maana ndivyo ulivyomkalisha. Uliposema hilo nalijua, ulisema kweli, na sikukuandikia kwa ajili ya shingo. Nilitafuta mlango wa kuingilia.

Siku ile kiuno kilikuwa kinamsumbua, tunampeleka hospitali. Pale uani ulimrudisha nyonga nyuma, ukamkunjia taulo, ukamvutia mkanda chini. Akaniambia, "Baba Jacob, leo nimekaa kama mke wa mkuu wa mkoa." Mimi nilikuwa nimekasirika tayari. Nilikwambia umlaze, ni mgonjwa, nawe ukanijibu mbele ya majirani, "Hapana, baba mkubwa, akilala mkanda hauna kazi." Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Nimechora gari ubaoni, na mtu ndani yake, na mshale wa kuonyesha anakokwenda gari likisimama. Sasa nafundishwa na kijana ambaye mtihani wa kidato cha pili nilimfelisha kwa mkono wangu. Nilijua kwamba uko sahihi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Uliposimama Kwa Sadala kuangalia tairi la nyuma, nilikuwa nimekaa nyuma ya Martha. Nilipitisha mkono kati ya kiti na mlango, nikakivuta kile kidude, nikakilaza kiti mpaka kikagusa magoti yangu. Akasema, "Unafanya nini? Niache nilivyo." Nikamwambia apumzike. Nikamfunika blanketi.

Ukarudi, ukauliza nani alikilaza kiti. Nikasema ameomba mwenyewe. Naye akanyamaza, maana katika miaka hamsini na mitatu hakuwahi kunikanusha mbele ya mtu. Ukasema tukiinue. Nikakwambia, "Endesha gari. Hukuitwa kufundisha."

Mkono umechoka, naishia hapa.

Baba yako mkubwa,
Aminieli


Kahama, 22 Juni 2025

Baba mkubwa, shikamoo.

Nashukuru kusikia banda la mama limetengenezwa. Huku jua ni kali, na mdogo aliugua malaria wiki mbili, sasa amepona.

Barua yako imefika mpaka Kwa Sadala, ikaishia hapo. Sisi hatukuishia hapo. Tulifika karibu na Weruweru, ng'ombe akakatiza, nikashika breki, tukaingia mtaroni. Gari halikuwa na kasi. Wewe ulitoka na mchubuko wa goti. Mimi sikupata kitu. Mama mkubwa alikuwa ameteleza mpaka magoti yamegonga dashibodi, na mkanda uko tumboni. Alikufa siku ya tano.

Siku ya kwanza daktari aliona alama ya mkanda tumboni, akauliza nani alikilaza kiti. Jacob alikuwa amesimama pale, analia. Ukasema, "Dereva." Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika viatu vya mama mkubwa. Nilisikia.

Umeandika mengi kuhusu kidude cha kiti. Neno hilo moja hukuliandika.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Ningesema nini? Mzee mkewe yuko kitandani anakufa, nimwite mwongo mbele ya mwanawe? Nikasema moyoni atatulia, atalisema mwenyewe. Ndugu wakanikataza kuingia wodini. Wakanikataza kutupa udongo kaburini. Ndipo nikakata jani la isale kwenye mpaka wa shamba alilolima marehemu baba yangu, nikakuletea. Kwetu mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama aliuliwa mtoto. Mimi sikuwa naomba msamaha, baba mkubwa. Nilidhani ukilishika lile jani mkononi, mimi na wewe tukitazamana, utaona haya kulipokea. Ukalipokea. Ukaniambia mbele ya watu wote, "Nimekusamehe, mwanangu." Kesho yake nilipanda basi.

Na mimi nina langu. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kukaa pale Kwa Sadala mpaka jua lizame, nikasema gari haliondoki kiti kikiwa hivi. Niliogopa kukukosea adabu. Nikampeleka mama mkubwa hivyo hivyo, kwa adabu.

Usiniandikie tena habari za kile kiti. Mimi nilikuwamo. Waambie ambao hawakuwamo.

Ebenezeri


Masama, 24 Agosti 2025

Mwanangu Ebenezeri,

Nimefurahi mtoto amepona. Hapa baridi ya mwaka huu imetupiga, ukungu haujaondoka tangu Julai, na kahawa inachelewa kukauka. Mimi nimepungua kilo tisa. Evelyn ananilisha kwa kijiko na kunigombeza.

Ni kweli. Nilisema, "Dereva." Jacob alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo, akingojea niseme ni nini kimetokea duniani. Sikuweza kumwambia kwamba ni mimi. Lilikuwa neno moja tu, nikadhani nitalirudisha jioni. Jioni Jacob alikuwa ameshawapigia simu ndugu wote. Na isale nililipokea kwa sababu watu walikuwa wengi.

Nimefanya ulivyosema. Jumapili iliyopita baada ya ibada niliwaita Jacob na Evelyn, na mama yako nikamwomba aje. Nikawaambia yote, kuanzia pale uani mpaka neno la hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kupigiwa kelele, kutemewa mate, hata kuachwa peke yangu. Sikujiandaa kwa kilichotokea.

Evelyn aliniuliza, "Baba, ile dawa mpya umeimeza na chakula?"

Nikasema, "Dawa haihusiki hapa."

Jacob akavuta kigoda, akakaa karibu, akanishika goti. "Baba, tunajua unampenda Ebenezeri. Hata sisi tulimpenda. Unataka tumrudishe kabla hujaenda, tumekuelewa. Lakini usijibebeshe la mtu."

"Jacob, mimi ndiye niliyekilaza."

"Kwa mkono huu? Kifuniko cha chupa ya maji kinakushinda."

"Wakati ule haukunishinda."

"Ulituambia hospitalini. Ukatuambia msibani. Ukamwambia mchungaji. Sisi ulitulea tukijua neno lako ni moja. Sasa umechoka, unaumwa, unasema lingine. Tuchukue lipi?"

Jacob akimkosea mtu, nilikuwa namwambia aliyosema mara ya kwanza ndiyo kweli, ya pili ni woga. Nilimchapa kwa kanuni hiyo. Wakasimama wakaniombea. Evelyn aliomba Mungu anirudishie kumbukumbu. Nami nikasema amina, kwa mazoea.

Mama yako alikuwa ameketi karibu na mlango muda wote. Walipotoka akabaki anakusanya vikombe. Akasema, "Mimi nakuamini, shemeji."

Nikamwambia, "Asante, Elisifa."

"Usinishukuru. Nilijua tangu siku ile ya isale. Mwanangu simzai halafu nisimjue."

"Kwa nini hukusema?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Ningesema kwa nani? Migomba yangu iko kwenye kihamba chako, shamba ulilorithi wewe. Maji yangu yanapita kwako. Wewe ukisema kesho nihame, nahamia wapi na goti hili?" Akachukua vikombe, akavipeleka jikoni, akaviosha. Kesho yake akaniletea uji kama kawaida, nami nikaunywa. Ningeukataa ningeonekana mwenye kiburi. Kuunywa nako kuliniumiza.

Sijui nifanye nini tena. Nimesema kweli, nikaambiwa pole.

Baba yako mkubwa,
Aminieli


Kahama, 12 Oktoba 2025

Baba mkubwa, shikamoo.

Mama alinipigia, akaniambia mliyozungumza. Alilia, kisha akanikataza nisije Krismasi kwa ajili ya ugomvi. Amesema angependa nije kukiwa kimya, hata kama kimya hicho kitakuja yeye amekwisha kwenda.

Sikukasirika kusoma kwamba hawakukuamini. Nilicheka, Dominika akaja kuangalia kuna nini. Uongo wako wameushika vizuri kuliko kweli yako. Mimi sina la kukushauri. Kama ungekuwa abiria wangu ningekwambia kaa wima, funga mkanda, mengine si juu yako.

Kuna jambo moja nataka kulijua, na sitakuuliza lingine. Mama mkubwa aliishi siku tano, na mimi sikuruhusiwa kuingia. Aliongea? Nimekuwa nikijiuliza kama alikufa akijua nilisingiziwa, au akiamini kama wengine kwamba kosa lilikuwa langu. Mtu aliyekuwa ananiwekea ndizi ya kuchoma nikitoka shule. Nijibu hilo tu.

Ebenezeri


Masama, 23 Novemba 2025

Mwanangu Ebenezeri,

Samahani kwa mwandiko. Naandika mistari michache kwa siku, Evelyn akidhani nafanya hesabu za kahawa. Mama yako ana afya. Ng'ombe wameanza kupata majani mabichi. Dume la Evelyn limeuzwa, na sasa analililia.

Kuna jambo limetokea. Jumatano ya wiki iliyopita Evelyn alikuwa na semina ya walimu, akanipeleka Jacob. Nilikaa kama ulivyonielekeza. Lakini sina nguvu tena, kichwa kilikuwa kinaanguka mbele, na tulipofika barabara kuu Jacob akasimamisha gari. "Unateseka, mzee wangu. Ngoja nikulaze kidogo." Nilitaka kukataa, sauti haikutoka. Akakilaza kiti chote. Nikiwa chali pumzi zinakata, kwa hiyo sikuweza kumkataza tena. Nilikuwa naona dari ya gari na vilele vya miti vikipita. Alifanya vile kwa upendo. Nataka ulijue hilo, maana mimi siwezi kusema hivyo juu yangu.

Pikipiki ikatukata mbele. Jacob alikanyaga breki, si kwa nguvu. Niliteleza kama gunia. Mkanda ukapanda, ukaingia chini ya mbavu, magoti yakagonga mbele. Ndipo nikapata sauti, nikapiga ukelele.

Alizunguka mbio akafungua mlango, akataka kuufungua mkanda. Mikono ikasimama njiani. Alitazama pale mkanda ulipokaa. Alitazama magoti yangu. Yeye hakumwona mama yake ndani ya gari, alimkuta kitandani.

Akaniuliza, "Mama alikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

Akaufungua, akakiinua kiti, akanirudisha nyonga nyuma. Akaniwekea koti lake kiunoni kwa kuwa taulo lilikuwa limeanguka. Kisha akaenda kukaa kwenye majani pembeni ya barabara, mtu wa miaka hamsini na minne, na suruali ya kwendea mjini. Magari yanapita. Sijui ni muda gani. Aliporudi aliongea akiangalia usukani.

"Ni wewe?"

"Nilikwambia mwezi wa nane."

Tulikwenda kliniki, tukarudi, na tangu siku ile hajaniamkia. Hanitendei ubaya. Anahakikisha dawa ipo, maji ya moto yapo, kisha anaondoka kabla sijafungua macho. Chakula anakula jikoni kwa mama yako. Kila jioni anamkatia majani, na mama yako anasema hawazungumzi neno. Sijui kama atakuandikia. Sijui kama atakufuata huko, au kama atabaki hivi mpaka wanizike. Siwezi kumwagiza. Mamlaka yote niliyokuwa nayo juu ya mwanangu yalikuwa yamejengwa juu ya kwamba sisemi uongo.

Kliniki nimewaambia siendi tena. Safari imenishinda.

Sasa swali lako. Nilitaka nife nalo, na ndiyo sababu barua zangu zote zimekuwa zikiishia njiani. Lakini umesema hutauliza lingine.

Aliongea. Ilikuwa siku ya nne, mchana, muuguzi ametoka. Alikuwa na akili zake zote. Alinishika mkono huu ninaoandikia, akasema, "Baba Jacob, nimewasikia wanazungumza. Umemsingizia mtoto wa Elisifa. Wakija jioni waambie si yeye."

Nikamwambia, "Sawa, Martha. Nitawaambia."

Akasema asante. Akafumba macho, ametulia kabisa. Na walipokuja jioni nikatoka kuwapokea mlangoni, nikawaambia mama yenu amelala, msipige kelele.

Aminieli